Kigalisia cha Bi Mwanakombo

Watu wa Mtoni wakikwambia Bi Mwanakombo alijifunza Kigalisia, wasadiki. Wakikwambia alifundishwa na jini, njoo uniulize mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nashika simu.

Naitwa Zuena. Nimempigia Bi Mwanakombo ngoma miaka kumi na saba. Yeye ni kungwi. Siku chache kabla ya harusi anaitwa nyumbani kwa watu, anajifungia chumbani na mwali, anamfunda: mwili unatunzwaje, na mume anaishi vipi, mama mkwe anajibiwa nini na ni lini anyamaziwe. Mimi nakaa kwenye kona, ngoma ndogo katikati ya magoti, naitikia nyimbo, na kazi yangu ya pili ni kuhakikisha hakuna aliyebandika sikio mlangoni. Hiyo ya pili ndiyo inayonichosha.

Makungwi siku hizi wako wa kila namna. Huko Kinondoni wapo wanaokodiwa pamoja na ukumbi, viti vilivyovishwa vitambaa na keki ya ghorofa tatu. Wanasimama na maiki wanafunda watu mia tatu kwa mkupuo, na mwali mwenyewe yuko kwenye kiti cha kifalme anageuzwageuzwa na mpiga picha. Bi Tabu, mkubwa wao, alianzia kwetu Temeke akituoshea masufuria ya shughuli, na leo ana gari lenye picha yake ubavuni. Simwonei wivu. Labda ningemwonea kama picha ile ingefanana naye.

Bi Mwanakombo hataki maiki. Kila akimaliza fundisho anamtazama mwali usoni na kumuuliza, "Nimesema nini?" Mwali lazima amrudishie kwa maneno yake mwenyewe, si ya kukariri. Anayejibu "ndiyo, bibi" anaanzishwa upya. Khulud, binti mkubwa wa Bi Wahiba, alifungiwa siku tatu za nyongeza kwa sababu ya hiyo "ndiyo, bibi", kadi zimeshagawiwa, ng'ombe ameshanunuliwa, na bwana harusi ikabidi aambiwe mchumba wake ana mafua. Bi Wahiba alikuja juu, na Bi Mwanakombo akamjibu kwa upole ambao mimi huuogopa kuliko ukali wake.

"Mwali akiitikia bila kuelewa, mie sijafunda. Nimeimba tu."

Bi Wahiba ana duka la vifaa vya ujenzi pale Mtoni, alilorithi kwa baba yake, naye baba yake kwa babu aliyekuja na jahazi kutoka Hadhramaut. Siku zile tatu hakuzisahau, lakini hakusahau pia kwamba Khulud hajawahi kurudi nyumbani analia. Ilipofika zamu ya Arwa, mdogo wake Khulud, alimwita Bi Mwanakombo tena. Basi mwezi wa Rajabu alipotuita dukani tulijua ni zamu ya Walid, kitindamimba wake, na tulijua kuna tatizo, kwa sababu alituagizia soda kabla hatujakaa.

"Walid kapata mchumba," alisema. "Hukohuko kwenye meli zao anakotengeneza mainjini. Wa Hispania. Anaitwa Sabela."

"Mungu awape kheri."

"Ndoa Mfungo Mosi, hapahapa. Binti hana bibi wala shangazi Dar, kwa hiyo sie ndo kwao. Namtaka afundwe kama walivyofundwa wanangu." Akaizungusha chupa ya soda mezani. "Tabu kaja jana. Kasema atamfunda kwa Kiingereza. Ana slaidi."

"Slaidi za nini?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Sijamuuliza."

Kila mmoja wetu akabaki na slaidi zake kichwani. Kisha Bi Mwanakombo akaomba apigiwe Walid, hapohapo, na simu iwekwe sauti ya juu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Walid alisema kutoka huko aliko, mashine zinanguruma nyuma yake.

"Marahaba, baba. Huyo mchumba kalelewa na nani?"

"Na bibi yake, kijijini. Mama yake alikuwaga kazini mjini."

"Huyo bibi alikuwa anambembeleza kwa lugha gani?"

Walid alicheka kidogo. "Kigalisia. Wapo kule juu ya Ureno, kwenye kona. Kihispania wanakijua, ndo cha shule na ofisini, ila nyumbani kwa bibi yake ni Kigalisia tu. Hata Hispania kwenyewe wengi hawakijui."

"Basi atafundwa kwa lugha ya bibi yake," alisema Bi Mwanakombo. "Lugha ya shule ni ya hesabu."

Bi Wahiba alimtazama kama mteja aliyeomba saruji ya mkopo. "Na wewe hicho Kigalisia umekijulia wapi?"

"Sikijui. Nitajifunza."

Ndipo Bi Wahiba akaweka sharti lake. Siku ya tatu ya kufundwa atamuuliza binti mwenyewe, ameelewa au hajaelewa. Ikiwa hajaelewa, Bi Tabu ataingia na slaidi zake, na si harusi hiyo tu. Ukoo ule una wajukuu saba wa kike. Wote wangemfuata Bi Tabu, na baada yao Temeke nzima, maana Temeke humtazama Bi Wahiba kabla ya kuamua hata rangi ya mapazia.

Utauliza kwa nini hatukutafuta mkalimani. Nani? Walid anajua Kihispania, lakini Walid ndiye anayezungumziwa. Kiingereza angekifasiri Mwalimu Benedicta, mpangaji wa Bi Mwanakombo, mwanakwaya kutoka Bukoba, ila tulipomgusia kidogo tu fundisho la kwanza alikumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Simu inayotafsiri tuliijaribu pia. Bi Mwanakombo aliiambia neno moja la ndani kabisa, la chumbani, nayo ikalirudia kwa Kihispania kwa sauti nzito ya kiume, ndani ya jiko, mchana kweupe. Bi Mwanakombo aliifunika kwa sufuria.

Mwalimu Benedicta, labda kwa kujuta, akasema lugha za watu siku hizi hujifunzwa bure mtandaoni. Bi Mwanakombo alipenda hilo neno bure. Ana miaka sitini na moja, aliishia darasa la saba, na hajawahi kupewa kitu cha bure kisichokuwa ushauri. Ile programu ya kujifunza lugha inayojulikana na kila mtu tuliifungua kwanza. Ilikuwa na lugha za nchi zisizokuwepo duniani, zilizobuniwa kwa ajili ya filamu. Kigalisia haikuwa nacho. Bi Mwanakombo aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, kisha akasema watu wenye bibi wana kazi kweli.

Lakini Mwalimu Benedicta alichimba. Akapata kitabu cha kusoma kwenye simu kilichoandikwa na mtu aliyependa tu, hamuuzii mtu. Akapata video za bwana mmoja mwenye ndevu, mwenye subira kama ya nesi wa kliniki ya watoto. Akapata redio yao inayosikika popote. Tatizo likawa moja: vyote vya bure vinakula bando, na bando si la bure. Kwa hiyo tukahamia kwenye intaneti ya duka la Bi Wahiba. Kila asubuhi baada ya kumwagilia mchicha, kungwi mkuu wa Temeke alikaa juu ya mifuko ya saruji, kati ya mabomba na nondo, akisoma Kigalisia, na aliyemwekea sharti akijifanya anahesabu bawaba.

Somo la kwanza tulikwama wiki nzima. Lilikuwa la salamu. Bwana wa ndevu alisema "Ola", akatabasamu, akaendelea na mambo mengine.

"Mrudishe," alisema Bi Mwanakombo. Nikamrudisha. "Ola" tena, basi.

"Haiwezekani. Kuamka je? Watoto? Nyumbani? Mtu mzima anaamkiwaje? Huyu katuficha, Zuena. Salamu zenyewe ziko somo la kulipia."

Nilimwambia labda hawana. Akanikasirikia mimi. Alisema hakuna watu duniani wasio na salamu, na kama yeye ataingia kwa mwali na kumwambia "Ola" halafu aanze kumfundisha kulala na mume, huo si ukungwi, ni uvamizi. Akatafuta neno mojamoja kitabuni, kulala, usiku, mama, baba, mpaka akajiundia salamu yake mwenyewe ndefu ya kutosha, ndipo akaniruhusu kufungua somo la pili.

La tatu lilikuwa la sokoni, na pale mapenzi yakaingia. Kitu cha kwanza kuuzwa katika soko lile kilikuwa pweza. Wanamwita polbo, wana sherehe zake, wanamchemsha kwenye mapipa ya shaba. Bi Mwanakombo alisimama juu ya saruji.

"Kumbe watu wa pwani wenzetu! Zuena, wanaofundisha pweza somo la tatu wanajua wanachokifanya."

Baada ya hapo masomo yalikuwa ya mvua. Sijui kule wanaishije. Kuna mvua nyembamba, kuna mvua ya ukungu, kuna mvua inayokuja na upepo ubavuni, na kila moja ina jina lake, na bwana wa ndevu anayataja kwa fahari kama anataja watoto wake. Sisi tuko mwezi wa Shaabani, jua linachoma bati, jasho linatiririka mpaka kwenye simu, na Bi Mwanakombo anarudia orballo, orballo, ile mvua nyembamba. Alijua mvua ishirini kabla ya kujua neno la mume. Nikamwambia tukimaliza tutamfunda Sabela kazi ya hali ya hewa.

Kufikia hapo Mtoni ilishaanza kusema. Mtu akiamka alfajiri kutawadha anasikia nyuma ya ukuta wa Bi Mwanakombo sauti inasema maneno yasiyo ya Kiarabu wala ya Kizungu, inaulizwa, inajibu. Bi Tabu akayaokota maneno hayo akayaongezea chumvi: Bi Mwanakombo amepandisha ruhani wa Ulaya. Nia yake ilikuwa mbaya, lakini alisahau anakaa mji gani. Wiki hiyohiyo walikuja wanawake wawili, mmoja kutoka Kurasini, mmoja kutoka mbali huko Goba, wote wamebeba udi na marashi, wakitaka kumuona huyo ruhani mgeni kuhusu waume zao. Bi Mwanakombo alijieleza mpaka akachoka. Mwisho akawaambia "Bos días", yaani asubuhi njema tu, wakaondoka wameridhika. Yule wa Goba alirudi kushukuru.

Aliyemwokoa na masomo ya mvua ni Bi Carme. Mwalimu Benedicta alikuwa amemwandikisha Bi Mwanakombo kwenye chama cha watu wanaojitolea kuzungumza na wanafunzi wa lugha yao, bure kabisa. Wakampangia mjane wa miaka sabini na mbili, anafuga kuku, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Walitumiana ujumbe wa sauti. Wa kwanza, Bi Mwanakombo alisoma salamu yake yote aliyoiunda, akauliza kuhusu usiku, watoto, kuku na marehemu mumewe. Bi Carme alijibu kwa dakika sita. Kwa kuwa lugha ile haikuwa na shikamoo, na Bi Mwanakombo hakuweza kuendelea kumkosea adabu mtu aliyemzidi miaka kumi na moja, alimfundisha marahaba, na tangu siku hiyo kila asubuhi kutoka Galisia likaja neno moja kwanza, limekaa upande kidogo lakini limekamilika.

Kila jambo asilolijua Bi Mwanakombo aliuliza, "Que quere dicir?", yaani maana yake nini. Aliuliza kwa siku mara thelathini. Bi Carme hakuchoka. Lakini vitabu vyote vile, ndevu zote zile, redio yote ile, hakukuwa na hata mstari mmoja wa mambo ya chumbani. Ungejua kuomba kitambulisho halmashauri ya mji. Ungejua kukodi baiskeli. Na Ramadhani ilikuwa imeshafika katikati.

Bi Mwanakombo akaamua kumuuliza Bi Carme. Akamuuliza kikungwi, kwa sababu hajui namna nyingine: alipiga picha shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe, zile ambazo mke huziweka mahali mume azione, ajue leo ni leo au leo si leo. Bi Carme akajibu kwamba ni nzuri mno na je, zinauzwa? Akatuma tena, shanga juu ya mto. Bi Carme akasema mto nao mzuri. Bi Mwanakombo akajitia moyo, akakusanya maneno yake yote ya miezi mitatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akalisema jambo waziwazi, kwenye simu, akiwa na saumu.

Siku tatu kimya. Bi Mwanakombo hakula daku. "Nimemvunjia heshima mtu mzima," alisema, na kweli machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nami nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa nimeshamzoea yule mama na kuku wake.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa dakika kumi na nne. Dakika mbili za mwanzo ni kicheko. Kisha Bi Carme akaeleza kila kitu, jina kwa jina, polepole, akirudia, na baadhi ya mambo hayo, nakuapia, sisi tulikuwa hatuyajui. Tulisikiliza baada ya futari tukiwa tumefunga mlango. Mwalimu Benedicta aligonga akiuliza kama tunaumwa.

Nyimbo tu ndizo Bi Mwanakombo hakuzigusa. Alisema nyimbo hazitafsiriwi, na mimi nikakubali upesi, maana nilikuwa nimechoka.

Sabela akafika Mfungo Mosi, masika yameanza. Msichana mrefu, miguu yote tope, anacheka. Bi Wahiba alitutengea chumba cha uani, simu zote zikabaki kwenye sinia nje ya mlango, kama kawaida yetu tangu mtu mmoja alipoturekodi. Bi Tabu alikuwepo barazani. Alisema amekuja kusaidia kukata vitunguu.

Bi Mwanakombo alijifunga kanga, akakaa mkekani mbele ya mwali. Kisha akaanza ile salamu yake: amelalaje, mama yake yu mzima, baba yake je, nyumbani wote salama.

Sabela akaanza kulia. Akasema kitu, na nilikielewa hata mimi niliyekuwa nashika simu tu: "Falas coma miña avoa." Unaongea kama bibi yangu.

Basi kazi ikaenda. Sitakwambia yaliyosemwa mle ndani, uliza mama yako. Nitakwambia tu kwamba Kigalisia kilikuwa na mapengo, na penye pengo Bi Mwanakombo alitia mikono, na pasipotosha mikono nilitia ngoma. Kila baada ya fundisho alimtazama na kumuuliza, "Que dixen?", nimesema nini, na Sabela alirudisha yote kwa maneno yake, huku akiandika kwenye kidaftari. Jambo moja la Bi Carme alilirudisha huku amefunika uso kwa kanga. Alikuwa mwali bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na nasema hivyo Khulud akiwa hai.

Siku ya tatu Bi Wahiba aliingia mwenyewe. Alimuuliza kwa Kiingereza chake cha dukani kama ameelewa. Sabela akamjibu kwa maneno mengi, mpaka Bi Wahiba akageuka mwekundu, akasema inatosha, akatoka. Barazani tukamsikia anamwambia Bi Tabu ahsante kwa vitunguu.

Niliona fahari siku ile, sifichi. Wajukuu wote saba walikuwa wetu. Bi Mwanakombo usiku hakulala kwa furaha, na mimi nilimchukia Bi Tabu kwa raha zote.

Siku ya saba ni ya kumtoa mwali. Wanawake wanajipanga uani na kanga zao, wanasubiri mlango ufunguliwe, na kabla haujafunguliwa kuna wimbo mmoja, mkubwa kuliko nyimbo zote, unaoimbwa mara tatu. Sabela alikuwa ameusikia kila jioni akauandika kidaftarini kwa herufi za kwao. Safari hii aliimba na sisi mwanzo mpaka mwisho, hakukosea hata pumzi. Bi Mwanakombo alimpangusa jasho kwa ncha ya kanga. Nilidhani tumemaliza.

Sabela akaweka kidole kwenye daftari, mstari wa kwanza wa wimbo.

"Que quere dicir?"

Wimbo ule ni wa Kizaramo cha zamani. Bi Mwanakombo aliupokea kwa kungwi wake, marehemu Bi Mwanaheri wa Mbagala, naye aliupokea kwa wake. Mama yake Bi Mwanakombo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Kizaramo alikisema akifukuza kuku na akigombana na mumewe. Watoto aliwasemesha Kiswahili, wasije wakachekwa shuleni. Kungwi wangu ameuimba wimbo huo miaka thelathini na nne, kwa wasichana wasiopungua mia tatu, na tuliwazoesha kuuliza kila kitu. Huo hakuna aliyewahi kuuuliza. Wala mimi sikuwahi.

Angeweza kudanganya. Ningekuwa mimi ningesema unasema mume mwema ni mwavuli, na Sabela angeandika, na Galisia nzima ingejua hivyo mpaka kiyama. Nilimuona Bi Mwanakombo anatafuta uongo, anaupata, anauangalia. Akauacha.

"Non sei," alisema. Alilisema vizuri, kama Bi Carme mwenyewe.

Sabela alidhani hakuelewa swali. Akamsogelea, akamshika mkono, akalirudia polepole, neno moja moja, kwa ule upole tunaowaonea wageni wanaojifunza.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo kwa Kiswahili. "Sijui."

Nje vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Sabela akanigeukia mimi, kalamu mkononi, anasubiri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikaipiga ngoma, kwa nguvu, asije akaniuliza.